Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

Sweta ya shule Dar es Salaam ni habari ya sare. Mbeya na Iringa ni habari ya baridi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa nao haujaachwa mbali, na mtoto anayetoka alfajiri ya Julai kwenda shule Uyole au Kihesa havai sweta ili apendeze. Ndiyo maana Januari, shule zinapofunguliwa, mafundi wa kudarizi wa Mwanjelwa na wenzao wa katikati ya mji wa Iringa hukosa hata muda wa kula: kila sweta inadai nembo kifuani. Na hakuna nguo inayomuumbua fundi wa darizi kama sweta.

Mteja akiiona mashine inavyokimbia, sindano kumi na tano zimejipanga kichwani na kila moja na rangi yake, hoja yake ni moja: “Fundi, si inashona yenyewe hii? Punguza basi.” Inashona yenyewe, kweli. Faili la nembo limeshaipa amri zote: fremu isogee wapi, kwa hatua za sehemu ya kumi ya milimita, iruke wapi, ibadili rangi lini. Nembo ya mishono 8,000, kwa mwendo wa mishono 700 kwa dakika, huisha kwa dakika kumi na mbili hivi. Lakini faili hilo halijui kama chini ya sindano kuna shati la pamba, kofia ngumu au sweta ya akriliki. Linajua sindano itue wapi. Uzi upite kwa mkazo gani, hilo limeachiwa mkono wa mtu, na mimi nashikilia kwamba ufundi wa kazi hii umejificha hapo kuliko kwenye kompyuta.

Mdarizi wa mkono hana shida hii. Anayeshona kofia Zanzibar, au mama wa Tukuyu anayedarizi vitambaa vya makochi, ana uzi mmoja, na vidole vinavyouvuta ndivyo vinavyojua umetosha. Hata mashine aliyobuni Josué Heilmann mjini Mulhouse, Ufaransa, mwaka 1828, ilimwiga mdarizi huyo: sindano yenye ncha mbili ikipita huku na huku na uzi wake mmoja. Mambo yaligeuka mwaka 1863, Isaak Gröbli wa Uswisi alipoleta darizi ya mashine yenye nyuzi mbili. Karne moja baadaye, mwaka 1964, Tajima wa Japani walitoa mashine yao ya vichwa vingi, na nyuzi zikabaki mbili vilevile: wa juu ukitoka kwenye koni, wa chini kwenye bobini. Nyuzi hizo huvutana kamba ndani ya unene wa kitambaa, mara mamia kwa dakika, na fundi ndiye mwamuzi. Ila mwamuzi huyu ana upendeleo. Hataki zitoke sare. Anataka wa chini ushinde kidogo, ili rangi ya juu ivutwe nyuma na uso wa nembo ubaki safi.

Kiasi cha ushindi huo kinapimika. Geuza herufi nene iliyoshonwa vizuri: katikati ya mgongo wake utaona mstari mweupe wa uzi wa chini, theluthi moja ya upana, na kila upande theluthi ya rangi ya juu. Mweupe ukipotea, uzi wa juu umelegea au wa chini umekaza mno. Mweupe ukitawala, ni kinyume chake, na muda si mrefu utachungulia mbele, vidoadoa vyeupe pembezoni mwa herufi, kisha uzi uanze kukatika.

Anayejua kazi huanzia chini. Huitoa kesi ya bobini, akaining’iniza kwa uzi wake na kuutikisa mkono kidogo. Ikiporomoka moja kwa moja, imelegea, isiposogea, imekaza, ikishuka sentimita chache ikasimama, hiyo imekubali. Wenye kipimo cha springi hutafuta gramu 20 hivi kwa uzi wa chini, na gramu 100 au zaidi kidogo kwa wa juu. Skrubu ya kesi ni ndogo kama punje, na marekebisho yake ni ya kuigusa tu, si ya kuizungusha. Wa chini ukishatulia hauguswi tena. Ndipo fundi anahamia juu, rangi kwa rangi, kwa sababu kila sindano ina mkazo wake. Anayezungusha juu na chini kwa pamoja atazunguka siku nzima.

Sasa iweke sweta. Imefumwa, kwa hiyo inanyumbulika. Ukiivuta kwenye fremu inapanuka, ukiitoa inarudi ilivyokuwa. Uzi uliokaza hukunja kifua kizima, nembo ikawa bakuli na jina la shule likabanana. Uzi uliolegea huacha vitanzi, na kitanzi kimoja kikinaswa na msumari wa dawati, nembo ya shule ya Loleza au ya Lugalo haitafika Machi. Juu ya hayo, manyoya ya sweta humeza mishono, kwa hiyo fundi hutandika karatasi ngumu nyuma na nailoni inayoyeyuka kwa maji mbele, hubadili sindano akaweka yenye ncha ya duara isiyokata nyuzi za mfumo, hupunguza mwendo, halafu hulegeza uzi wa juu kidogo. Kidogo kiasi gani? Anashona herufi chache kwenye kipande cha sweta kuukuu, anageuza, anatazama, anarudia.

Melco wa Marekani walijaribu kuliondoa swali hilo. Kwenye baadhi ya mashine zao roli ndogo hupima uzi unaohitajika kwa kila mshono na kuutoa, na fundi huingiza unene wa kitambaa kwa namba. Ni werevu mkubwa, lakini namba hiyo nayo ni uamuzi: ukiandika ndogo, uzi unapungukiwa na kukatika, ukiandika kubwa, vitanzi. Skrubu imehamia kwenye skrini, swali limebaki palepale.

Na si kila kosa ni la skrubu. Kiangazi cha nyanda za juu kina vumbi, sweta zina manyoya, na unyoya mmoja ukinasa chini ya bati la kesi ya bobini mkazo wote unabadilika. Fundi mwenye subira hupitisha kwanza kona ya kadi ngumu pale chini. Asubuhi za baridi mafuta ya mashine huwa mazito, naye huianza taratibu.

Husemwa kwamba fundi hodari huisikiliza mashine. Sikio lina kazi yake, sikatai, lakini tunalisifu kupita kiasi. Neema Crafts ya Iringa, kituo cha Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana kilichoanza mwaka 2003 na vijana viziwi, kina karakana ya ushonaji, na kazi zake hazijamsubiri mtu anayesikia. Mkazo wa uzi ni habari ya kidole. Uvute uzi karibu na tundu la sindano: ukipita laini bila kukwama, mkono unajua. Ukiwa uzi wa dhahabu wa stola ya padri, mkono huohuo unajua kwamba sharti ulegezwe zaidi na mwendo ushuke, maana ule hauvumilii haraka.

Kwa hiyo Januari ukienda kuchukua sweta ya mwanao, usiombe punguzo kwa hoja kwamba mashine inashona yenyewe. Ingiza mkono ndani, geuza nembo, tazama mgongo wa herufi. Ukiikuta ile theluthi nyeupe, mlipe fundi bei aliyotaja.