Ngazi Sita za Uchovu

Mpwa wangu ana meza ya plastiki huko Buruburu, ya kijani, mguu mmoja umefungwa kwa waya. Jumapili jioni vijana huizunguka wakahamia nchi isiyokuwapo. Mchezo wao ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson kule Marekani na kutolewa mwaka wa 1974, na sitawachosha kwa kuueleza. Mmoja husimulia, wengine husema watakachofanya, na dadu yenye pande 20 huamua penye shaka. Aliyewahi kukaa jikoni kwa nyanyake akaitikia "Hadithi njoo!" hataona ugeni wowote.

Msimulizi ni yeye mpwa wangu. Mchana ni fundi wa friji, na nadhani ufundi ni uleule: anasikiliza kwanza. Mazimwi yake ni vizibo vya soda, na ramani zake huchorwa nyuma ya kalenda za mwaka uliopita. Mimi niliyekulia Jericho, ambako vizibo hivyo vilikuwa askari wetu wa drafti, upande mmoja vimefunuliwa na mwingine vimefunikwa, huviona mezani pale nikatamani kuketi. Mwanzoni hawakuwa hata na dadu. Waliandika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, wakavikoroga katika kikombe cha chai. Joka lao la kwanza lilitaga jalalani Dandora, chini ya moshi, na wale ndege wakubwa wenye vipara ndio waliokuwa walinzi wake.

Toleo la tano lilipotoka mwaka wa 2014, wenye mchezo waliziweka sheria za msingi kwenye intaneti bure. Mpwa wangu alizichapisha saiba, akazitia waya wa kujipinda na jalada la plastiki. Kwa miaka mingi kitabu hicho kilinona. Kilimwagikiwa chai, kikapigwa selotepu, pembezoni kikajaa biki ya bluu: sheria za meza yao, walizopatana wenyewe, kama vile mchezo wa karata ambao kila mtaa una sheria zake na lazima mwelewane kabla ya kugawa.

Ukurasa nilioupenda ni wa uchovu. Katika toleo lile uchovu una ngazi sita, na kila ngazi ina uchungu wake. Ya kwanza, mwili na akili vinakusaliti: ukijaribu kupanda ukuta au kukumbuka jina, unarusha dadu mara mbili na kuchukua iliyo ndogo. Ya pili, mwendo unakatika nusu. Ya tatu, hata upanga unakosa shabaha. Ya nne inakunyang'anya nusu ya uhai. Ya tano, miguu haisogei. Ya sita umekufa. Sidhani aliyeyaandika hayo aliijua Kayole, lakini mtu anayetoka huko alfajiri kwa miguu hadi Viwandani kutafuta kibarua, akakikosa, akarudi kwa miguu, anazijua ngazi hizo moja baada ya nyingine.

Mpwa wangu naye alizijua. Mchezaji akifika ngazi ya pili hakumtajia namba. Alishusha sauti, akamwambia, "Wenzako wamekwisha pita ule mwembe. Wewe unaona migongo tu." Kisha akanyamaza. Nje matatu za namba 58 zinapiga honi, ndani hakuna anayepumua. Pembeni mwa ngazi ya tatu ameandika: "Mwache ajikwae kwanza."

Septemba 2024 kikatoka kitabu kipya. Vijana walichangishana wakakiagiza, kikaja kinang'aa, kizito, kinanuka wino. Ngazi za uchovu bado ni sita na ya mwisho bado ni kifo, ila zile za katikati zimegeuzwa hesabu: kila ngazi, toa 2 kwenye dadu na futi 5 kwenye mwendo. Basi. Ni rahisi kukumbuka, sikatai. Dawa ya kuponya, ambayo zamani ilikula tendo lako zima huku adui amekuinulia shoka, sasa inanywewa upesi na bado unapata nafasi ya kupiga. Nusu-orki ameondolewa kwenye orodha, na kijana mmoja aliyemlea nusu-orki wake miaka saba alikaa jioni nzima akiifuta karatasi yake kwa raba, anaandika, anafuta tena.

Najua wakongwe walilalamika toleo la 2000 lilipokuja, na la 2008, na hilohilo la 2014 ninalolililia leo. Nami nimejipanga kwenye foleni yao. Kitabu kingekuwa neno dogo. Kinachoniuma ni haraka. Msimulizi akinyamaza sasa, ule unyamazo aliousomea miaka kumi, mtu anadhani amesahau sheria. Simu inatolewa mfukoni. "Ni minasi nne, bro, songa." Mwembe haujatajwa, migongo haijaonekana, na mtu aliyechoka hajapewa hata nafasi ya kuchoka. Mpwa wangu husonga. Hana ubishi, ndiyo tabia ya mafundi wazuri, na ndiyo inayowaponza.

Kitabu cha zamani alinipa mimi. "Anko, kiweke, huku kitatupwa." Nilipokifungua nyumbani nikakuta ukurasa wa uchovu haumo, umekatwa vizuri kwa wembe. Jumapili iliyofuata nikauona Buruburu, umebandikwa kwa selotepu ndani ya jalada la kitabu kipya, biki ya bluu na yote. Nimekwenda mara tatu tangu siku hiyo. Sijaona mtu akiufunua.