Kufunga Vioo vya Pembeni kwenye Land Rover ya Zamani

Kufunga vioo vipya vya pembeni kwenye Land Rover ya zamani ni kazi ya spana, bisibisi na keekee, lakini humpima fundi kweli kweli. Ubora wake huamuliwa kabla ya kutoboa, kwa maana tundu likishatobolewa halirudi.

Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kwa sababu hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini. Alumini haipati kutu nyekundu, ila ina adui wake: ikigusana na bolti ya chuma penye unyevu, huliwa polepole hadi rangi ikavimba na kubanduka kuzunguka tundu. Morogoro, msimu wa masika, unyevu huo haukosekani.

Ndiyo maana fundi makini huanza na kioo cha zamani. Nati iliyoganda huitilia mafuta mepesi na kuiacha iyanywe, kwani akiilazimisha, bati laini hupinda pamoja nayo. Kioo kikishatoka, unga mweupe uliojikusanya chini yake husuguliwa kwa msasa mpaka bati ling'ae, kisha kingo za tundu hupakwa rangi na kuachwa zikauke.

Magari mengi ya zamani ya aina hii yalifungwa vioo juu ya madigadi ya mbele, ambako dereva huviona kupitia kioo kikubwa cha mbele. Vipo pia vyenye mkono unaoshikwa na bolti za bawaba ya juu ya mlango. Hivyo haviongezi tundu, na huwa karibu na jicho.

Tundu jipya lisipoepukika, dereva hukaa kwenye kiti chake kama aendeshavyo siku zote. Msaidizi hushika kioo juu ya madigadi na kukisogeza kidogo kidogo mpaka dereva aridhike. Boneti hufunguliwa kuhakikisha haitakigonga. Hapo ndipo alama huwekwa, na ncha nyembamba ya keekee hutangulia ile nene. Chini ya madigadi huwekwa kibati cha kugawanya uzito, kwa sababu alumini tupu hupasuka kwa mtikisiko. Juu hukaa mpira wa kuzuia maji, na washa ya springi huizuia nati isilegee.

Kurekebisha ni nusu ya ufundi. Ubavu wa gari uonekane kama ukanda mwembamba ukingoni mwa kioo, na sehemu iliyobaki ijae barabara. Kioo bapa huonyesha basi la nyuma kwa ukubwa wake. Kilichobinuka huonyesha eneo pana zaidi, lakini basi hilo huonekana dogo na la mbali kuliko lilivyo. Fundi mwungwana humweleza dereva tofauti hiyo kabla hajaondoka.

Mwisho gari hujaribiwa barabarani. Taswira ikitetemeka, kiungo fulani kimelegea. Baada ya siku chache nati hukazwa tena, kwa kuwa mpira mpya hubonyea ukishatulia.