Hongera, Katekista
Padre hufika kigangoni mara moja kwa mwezi, mvua ikiruhusu. Jumapili nyingine zote ni katekista anayegonga kengele na kuongoza ibada. Ndiye afundishaye watoto wa Komunyo ya kwanza, ndiye aitwaye usiku mgonjwa akizidiwa. Kukicha yuko shambani na jembe, kama jirani zake. Naamini Mungu hutuongoza kwa sauti ya katekista huyo wa karibu. Wengine walilipia kazi hii kwa uhai: Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana wa Paimol, kaskazini mwa Uganda, waliuawa mwaka 1918 kwa kukataa kuacha kufundisha. Kanisa liliwatangaza wenyeheri mwaka 2002. Hongera, mwalimu. Sala ya Baba Yetu nilifundishwa na mtu kama wewe, chini ya mwembe.