Nyaya zisizo na mwenyewe

Gari lilikuwa Toyota Fielder la mwaka 2012, limeegeshwa chini ya mjakaranda katika ua mmoja wa Milimani, upande ule ambako barabara inaanza kupanda kuelekea Menengai. Mwenyewe ni mwalimu, naye alilinunua kwa mtu hapa hapa Nakuru. Alikuwa na malalamiko mawili. La kwanza, akiliacha siku tano bila kuliwasha, betri inakufa. La pili lilimtia hofu zaidi: mara moja moja, akiruka tuta, injini inazima ghafla, kisha inawaka tena kama kwamba hakuna kilichotokea. Betri alikuwa ameshabadilisha. Tena alikuwa amefungua kifuniko cha chini ya usukani akakuta nyaya saba zisizoeleweka, nyingine zimekatwa na kuachwa shaba nje, nyingine zimezama chini ya zulia.

"Fundi," akaniambia, "hizi si takataka tu? Tuzikate tumalize."

"Tusikate hata mmoja, mwalimu. Kwanza tujue zililetwa na nani."

Swali hilo nalitanguliza kila mara. Watu wengi wakiona waya wa ziada huuliza ni wa nini, na hapo hawafiki mbali, kwa sababu waya uliokatwa haufanyi kazi yoyote ya kuutambulisha. Lakini mkono uliouweka huacha alama, na mkono ukishaujua, kazi ya waya inabaki kuchaguliwa kati ya mambo machache.

Fielder kama hili limepitia mikono ya aina tatu. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka minane tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza, kwa hiyo gari la mtumba huishi Japani miaka kadhaa, likafunguliwa na kufungwa na mafundi wa huko, halafu likaja kuanza maisha ya pili kwetu. Kiwanda, duka la Japani, fundi wa Kenya: ni tabaka tatu, na kila moja lina mwandiko wake.

Kiwanda hufunga nyaya zake kwa tepu laini au kwa mrija wenye mikunjo, na hakiachi waya mtupu hata siku moja. Ukikuta plagi nzima isiyochomekwa popote, imefungwa nyuma ya fungu la nyaya na sponji ili isigonge, hiyo haikusahauliwa. Kiwanda hutengeneza fungu moja kwa matoleo kadhaa ya gari, na plagi hiyo ilikuwa ya taa za ukungu au kifaa kingine ambacho gari lako halikulipiwa. Iache. Duka la Japani nalo hupenda kidude cha plastiki, cha bluu au chekundu, kinachoubana waya mpya juu ya waya wa kiwanda na kuung'ata bila kuuchuna. Waya unaobaki huviringishwa vizuri na kufungwa kwa kibano. Fundi wa kwetu huchuna, husokota kwa vidole, kisha huzungusha tepu nyeusi.

Hapa Nakuru tuna msaidizi mwingine, vumbi. Lile vumbi jepesi la volkeno linaingia kila mahali, hadi chini ya dashibodi. Fungua tepu iliyofungwa Japani, ndani ni safi na gundi bado ni ng'avu. Fungua iliyofungwa hapa, utakuta ungaunga wa kahawia umenaswa kwenye gundi, kwa sababu ulikuwa tayari juu ya waya fundi alipoushika. Nisemapo hivi sisemi mkono wa Japani ndio bora. Kile kidude king'atacho hukata nyuzi kadhaa za shaba, na baada ya miaka kumi ya mtikisiko naamini zaidi msokoto wetu uliolehemiwa kwa risasi. Shida ya msokoto wetu ni kwamba mara nyingi haulehemiwi.

Sasa rangi, mahali ambapo nimeona redio nyingi zikiunguzwa. Vifaa vya dukani, yaani redio, navigesheni na kengele za wizi, vina desturi yao: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo, nyeusi ni athi. Kila fundi amekariri hivyo. Lakini nyaya za redio za kiwanda cha Toyota zinafuata kanuni tofauti kabisa. Huko umeme wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, wa ufunguo ni wa kijivu, athi ni ya kahawia. Na nyekundu, njano na nyeusi? Zipo, lakini ni za spika za nyuma. Fundi mwenye haraka anayeona waya mwekundu na wa njano nyuma ya redio ya Toyota akaamini amepata umeme, ameshika spika. Akizilisha volti 12, anaunguza. Kwa hiyo rangi peke yake haisemi kitu hadi ujue uko tabaka gani. Mahali pa kijivu kukutana na chekundu ndipo mpaka wa kiwanda na duka.

Kwa njia hiyo nyaya tano kati ya saba zilijieleza ndani ya nusu saa. Tatu, ya njano, nyekundu na nyeusi, zilikuwa nyembamba, zimeviringishwa pamoja, safi ndani ya tepu, na waya mwingine mweusi, usio kati ya zile saba, ulipanda kwenye nguzo ya kioo cha mbele hadi nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma. Hiyo ni ETC, mashine ya kulipia barabara za Japani bila kusimama, iliyoanza kutumika huko mwaka 2001 kwa mawimbi ya gigahezi 5.8. Walio na magari ya Japani wanaijua kwa sauti: yule mwanamke anayezungumza Kijapani kila ukiwasha gari, akikueleza kwamba hujaingiza kadi. Mtu fulani alichoka kumsikia, akakata kifaa, akaacha mkia. Kwetu hakina kazi. Hata Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, ina mfumo wake.

Wa nne ulikuwa mwekundu pia, lakini wenye vumbi ndani ya tepu, na ulielekea kwenye kebo ya eriali. Huu ni wetu. Redio za Japani kwa miaka mingi zilishika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na zetu ziko 88 hadi 108, kwa hiyo gari likifika hufungwa kijisanduku kwenye eriali kinachoyashusha mawimbi yetu yaingie kwenye redio yao. Baadaye mtu aliweka redio mpya ya skrini, kijisanduku kikatolewa, waya ukabaki. Kwenye kioo kulikuwa pia na vile vijistari vyembamba vya eriali ya televisheni. Sikuvigusa. Japani na Kenya hazitumii mfumo mmoja wa televisheni ya dijitali, na eriali iliyobandikwa kwenye kioo haimdhuru mtu.

Wa tano nataka niuzungumzie kwa utulivu, kwa sababu naupenda. Ulikuwa wa waridi, umeng'atwa kwa kidude cha bluu juu ya waya wa kiwanda karibu na saa ya spidi. Katika vifaa vingi vya dukani vya Japani waridi ni mwendo: navigesheni inahitaji kujua gurudumu linazunguka kiasi gani ili iendelee kukuonyesha ulipo ukiwa ndani ya handaki, pasipofika setilaiti. Lakini sikutaka kuamini rangi, hasa baada ya niliyoyasema juu. Kwa kipimo cha Japani, mhimili wa saa ya spidi huzunguka mara 637 kwa kila kilomita, na kila mzunguko hutoa mapigo manne. Hiyo ni mapigo 2,548 kwa kilomita, yaani mawili na nusu kwa mita. Nikafungua ufunguo bila kuwasha injini, nikaweka gia huru, nikamshikisha mwalimu mita, nikalisukuma gari taratibu uani. Kila mita moja namba ilipanda na kushuka mara mbili, mara tatu. Alifurahi kuliko mimi. Huo ni mwendo, hauna shaka.

Waya huo wa mwendo ndio huguswa na wengi. Tangu kanuni za Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, matatu zilifungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na vidhibiti hivyo pia hutaka kujua gari linakwenda mbio gani. Matatu ya zamani iliyouzwa ikawa gari la kanisa au la shamba mara nyingi bado ina mkia wa kidhibiti hapo hapo. Ukivuta ovyo, saa ya spidi inakufa, na katika baadhi ya magari gia za otomatiki nazo zinaanza kusita.

Zikabaki mbili, ya machungwa na nyekundu, zote zenye vumbi ndani, zote zikizama chini ya zulia kuelekea upande wa abiria. Kabla ya kuzifuata nilipima kinachoiua betri. Niliunga mita katikati ya betri na waya wake wa hasi, nikafunga milango, nikapeleka ufunguo mbali, nikangoja nusu saa kompyuta za gari zilale. Gari lenye afya hubaki likinywa chini ya ampea 0.05. Hili lilikuwa likinywa 0.21. Kwa betri ya saa-ampea 45, hiyo ni siku tisa hadi ikauke kabisa, lakini stata haingoji ikauke. Ikifika nusu, hasa asubuhi za baridi za huku juu, haina nguvu tena ya kuzungusha injini. Siku tano za mwalimu zilikuwa hesabu sahihi.

Kisha nikapima juu ya kila fyuzi ya ndani bila kuichomoa. Fyuzi inayopitisha umeme huonyesha tofauti ndogo ya milivolti kati ya meno yake. Zote zilikuwa kimya. Hapo moyo wangu ulishtuka kidogo, maana yake umeme ulikuwa ukichukuliwa kabla ya fyuzi hizo. Na kweli, ule mwekundu ulikuwa umesokotwa kwenye waya mnene wa swichi ya ufunguo, bila fyuzi yake mwenyewe. Waya uliokatwa na kufa haunitishi. Huu ndio unaonitisha, waya mwembamba unaolindwa na fyuzi kubwa ya boneti peke yake. Ukichubuka na kugusa bodi, waya unashika moto kabla fyuzi haijafikiria kukatika.

Nyuma ya plastiki iliyo pembeni mwa mguu wa abiria palikuwa na kijisanduku cha ukubwa wa kiberiti: traka, laini yake ya simu imekufa, ikitafuta mtandao usiku na mchana. Kando yake rilei yenye meno matano. Na hapa ndipo palipo jibu la kwa nini sikukubali tukate. Traka za aina hii huzima gari kwa kukata umeme wa pampu ya mafuta. Fundi hukata waya wa kiwanda wa pampu, ncha moja akaipeleka kwenye jino la 30 la rilei, nyingine kwenye 87a. Meno hayo mawili yanagusana rilei ikiwa imelala, na kuachana ikiamshwa. Kwa hiyo traka inaweza kufa, laini ikaisha, kampuni ikasahau, na bado kila tone la petroli linategemea rilei ile. Ungeing'oa kama takataka, gari lingekufa uani.

Nikawasha injini, nikaweka mita meno 30 na 87a. Mguso mzuri hupoteza chini ya volti 0.2. Huu ulipoteza 1.4, na nilipoigonga rilei kwa kidole namba iliruka na injini ikakohoa. Tuta lilikuwa likifanya kazi ya kidole changu. Malalamiko mawili, kijisanduku kimoja.

Lakini sikukiondoa siku hiyo. Traka yenye kukata mafuta mara nyingi huwekwa na mkopeshaji, gari likiwa dhamana, na deni la mtu aliyekuuzia linaweza kuwa bado limelala juu ya gari lako. Nilimwomba mwalimu aangalie kumbukumbu za gari kwa NTSA kupitia eCitizen, na pia sajili ya dhamana iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, kisha ampigie aliyemuuzia. Ilimchukua siku mbili. Mkopo ulikuwapo, ulilipwa wote, na hakuna aliyerudi kuondoa kifaa. Akanionyesha barua.

Ndipo nikatoa hasi ya betri, nikangoja zaidi ya dakika moja na nusu kabla ya kufanya kazi karibu na usukani, kwa ajili ya mifuko ya hewa. Nyaya zake huishia kwenye plagi za njano, na hizo hazichomwi testa hata kwa kujaribu. Nikaunganisha tena ncha mbili za waya wa pampu, nikazilehemu, nikazivika mpira unaosinyaa kwa moto. Ule mwekundu nikauondoa wote hadi kwenye swichi. Mkia wa ETC na ule wa eriali nikaondoa pia. Wa waridi niliuacha, nikaziba ncha yake, kwa sababu redio yake ya skrini itautaka siku akiweka ramani.

Gari likalala wiki nzima na kuwaka kwa mkupuo mmoja. Mwalimu alinipa tepu nyeupe ya kitabuni, nikaandika kwa kalamu na kubandika: "Mwendo. Usikate." Juu ya kiungio cha pampu nikabandika nyingine yenye tarehe, ili fundi atakayefungua plastiki ile baada yangu asianze na maswali niliyoanza nayo mimi.