Siti wa Kitabuni na Siti wa Santuri

Wengi wetu tunaopenda fasihi ya Kiswahili tunamjua Siti binti Saad kwa kumsoma. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na tangu hapo Siti amekuwa mtu wa kwenye karatasi: mtoto wa Fumba aliyezaliwa mnamo 1880, muuza vyungu, aliyehamia mjini Unguja 1911 na kuishia kuwa sauti ya pwani nzima. Kitabu kinaisifu sauti hiyo kurasa kwa kurasa, ila yenyewe haimo, na haiwezi kuwamo. Siku hizi ipo mtandaoni, bure. Nimekuwa nikiisikiliza kwa wiki kadhaa, na naona inatudai tumsome Shaaban Robert upya.

Kwanza tujue tunasikiliza nini. Mwaka 1928 Siti na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Zile ni santuri za mizunguko 78 kwa dakika, upande mmoja ukibeba kama dakika tatu tu. Baadhi zilinusurika mikononi mwa wakusanyaji na kwenye maktaba za sauti, zikanakiliwa, na leo ukitafuta YouTube unazikuta. Andika "Siti binti Saad", halafu "Siti bint Saad", halafu "Sitti". Kila tahajia ina lake.

Kinachokupokea ni mchakacho wa sindano, kama mafuta yanayochemka kikaangoni. Usikimbie. Vaa hedifoni, lipe sikio nusu dakika, litazoea lenyewe. Ndipo utaisikia ile sauti: ya juu, yenye upuani kidogo, wala haikubembelezi.

Kipimo changu ni "Kijiti". Wimbo huu unatokana na kisa cha kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mtuhumiwa akatorokea bara, na mahakama ya wakoloni ikaishia kuwafunga wanawake waliokuja kutoa ushahidi. Ukiyasoma maneno yake karatasini, ni habari iliyopangwa kwa vina. Mwalimu anaweza kuyachambua kipindi kimoja na kengele isilie. Sasa msikilize Siti. Hapigi kelele, halii. Anaimba kwa utulivu uleule ambao angeimbia wimbo wa mahaba, na utulivu huo ndio unaouma. Ni kama anasema: hili halihitaji kelele, kila mtu mjini analijua.

Na hapo kuna somo kwa sisi wahesabu mizani. Tumezoea kuhesabu silabi kwa kidole, mstari ukizidi tunamkosoa mshairi. Siti anaweza kuishika irabu moja ikanyooka kuliko maneno matatu yanayofuata, kisha akayamimina hayo matatu kwa pumzi moja, na hakuna kinachovunjika. Mizani ya karatasini inahesabiwa, mizani ya kinywani inapumuliwa. Mashairi yetu mengi yalitungwa yaimbwe, lakini tunayahukumu kana kwamba yalizaliwa yamechapwa.

Turudi kwa Shaaban Robert. Siti wake ni kielelezo: subira, bidii, adabu, utu. Simlaumu. Mwanamke wa asili ya chini anayeimba kwa riziki alikuwa rahisi kudharauliwa, na mwandishi alitaka kumjengea heshima isiyobomoka. Ila heshima hiyo imemlainisha mno. Siti wa santuri ana makali. Anaikosoa hukumu ya mahakama, na wimbo wenyewe unauzwa madukani. Wasifu unatuambia alikuwa mtu mwema; santuri inatuonyesha kwamba wema wake ulikuwa na meno. Anayesoma kitabu bila kusikiliza ameipata nusu.

Baada ya hapo tafuta video za Bi Kidude, aliyefariki 2013, akiimba "Muhogo wa Jang'ombe", wimbo unaohusishwa na Siti. Sauti imekwaruza, pumzi ni fupi, lakini jukwaa ni lake. Siti alikuwa na dakika tatu na chumba cha kurekodia cha ugenini. Bi Kidude ana watu mbele yake na muda wa kuwachokoza. Wawekeni sambamba hawa wawili mtaona jinsi wimbo unavyoishi zaidi ya mwenye kuuimba.

Lakini hiyo "bure" tuiangalie vizuri. Kwanza hakuna bure, bando linalipiwa, jamani. Pili, kuna watu wanaoilipia bila kuulizwa. Rekodi nyingi zimepandishwa bila jina la mpigaji hata mmoja. Subeti bin Ambari, Mbaruku, Budda bin Mwendo, Maalim Shaabani: hawa ndio waliokuwa na Siti, na huko mtandaoni wamegeuka "taarab ya zamani". Mtu akichapisha shairi la Muyaka bila jina tutapiga makelele. Kwa nini mpiga udi asistahili hivyo hivyo? Ukikuta video inayoonyesha lebo ya santuri, simamisha, soma namba na majina, uyaandike unapomtumia mwenzako.

Na ukiwa na dakika sita tu leo, sikiliza "Kijiti" mara mbili. Mara ya kwanza usisome maneno. Mara ya pili yawe mbele yako, uangalie ni mangapi ambayo karatasi imeshindwa kuyabeba.