Picha Imeganda Wapi?

Fundi mzuri wa kuchoma DVD utamjua kwa swali lake la kwanza. Mteja karudi na diski ya harusi, amekunja uso, anasema kazi ni mbovu na anataka hela yake. Fundi anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza: picha imeganda wapi? Mteja anajibu kwamba inaganda katikati, maharusi wanapoingia ukumbini. Hapo fundi ameshapata nusu ya jibu.

Diski zenye matabaka mawili za kuchomea nyumbani ziliingia sokoni mwaka 2004. Zinabeba GB 8.5, wakati diski ya kawaida inaishia 4.7. Matabaka hayo yameachana kwa mikromita 55 hivi, na mwanga wa leza unaosoma tabaka la pili hulazimika kupenya lile la kwanza. Leza huanzia karibu na tundu, hutambaa hadi nje, hurukia tabaka la pili, kisha hurudi ndani. Basi mwanzo wa harusi na mwisho wake hukaa jirani, karibu na tundu. Katikati ya harusi iko mbali na tundu, na diski ikijazwa sana huwa ukingoni kabisa, mahali ambapo rangi inayounguzwa na leza ni vigumu kupakwa sawasawa, diski inayumba zaidi, na kila anayeishika anaweka vidole. Maharusi wameganda kwa sababu hapo ndipo leza inaporuka. Fundi anayelijua hili hajazi diski hadi pomoni, na programu kama ImgBurn, iliyotoka mwaka 2005, inampa nafasi ya kuchagua mruko uangukie wapi, ili usikate hotuba ya baba mzazi.

Nausifu ufundi huu nikiwa na Ifakara, mji wa bonde la Kilombero, akilini, kwa sababu pale kosa lina nauli. Wateja wa mji ule hutoka Mlimba, Mang'ula, Mahenge, Malinyi. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018. Kabla yake Mto Kilombero ulivukwa kwa pantoni, na mafuriko yalipokuja kila mtu alisubiri. Hata sasa, mtu wa Malinyi aliyechomewa diski mbovu atatumia kwenye basi fedha inayozidi bei ya diski yenyewe. Wengi hawarudi. Wanakaa na harusi iliyokatika, na jina la fundi linaharibika kijijini yeye mwenyewe asijue.

Halafu kuna umeme. Kituo cha umeme cha Kidatu huweza kuzalisha megawati 204, cha Kihansi megawati 180, vyote kwa mito ya pande hizi, na bado taa huzimika. Kwa mwendo salama wa 2.4x, diski ya matabaka mawili iliyojaa huchukua kama dakika 43 kuchomwa. Umeme ukikatika dakika ya 40, diski imekufa. Mashine za kuchomea za leo zina kinga dhidi ya data kuchelewa kufika kwenye leza, lakini kinga hiyo haina dawa ya kukatika kwa umeme. Betri ya akiba ndiyo inayomtenganisha fundi na mcheza bahati nasibu.

Lakini uhodari wenyewe uko kwenye kutafuta mahali faili lilipoharibikia. Fundi mvivu husema "diski feki" na kuchukua nyingine. Aliyebobea huchoma nakala mbili kutoka faili lilelile na kuzilinganisha. Zikigoma mahali pamoja, anaanza kulishuku faili lenyewe. Kila moja ikigoma pake, anageukia waya, kumbukumbu ya kompyuta iliyochoka, au boksi la diski lililokaa juani. Ikigoma kwenye deki moja na kucheza kwenye nyingine, huenda lenzi ya deki ya mteja ndiyo yenye vumbi, na hapo huhitaji ujasiri wa kumwambia mtu aliyekasirika kwamba tatizo liko sebuleni kwake.

Mara nyingi mwizi ni flashi iliyoleta faili. Zile zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 hazipokei faili moja linalofika GB 4, na faili la diski ya matabaka mawili hulipita hilo kwa mbali. Angalau hizo hukataa waziwazi. Mbaya zaidi ni flashi feki iliyoandikwa GB 64 wakati ndani ina 8: inapokea kila kitu, inaonyesha majina ya mafaili yote, na kumbe sehemu kubwa haipo.

Dawa ipo, na ni ya bure. Kuna hesabu iitwayo MD5, aliyoitunga Ronald Rivest mwaka 1991, inayolifupisha faili zima kuwa herufi na tarakimu 32. Ikibadilika biti moja tu, alama yote hugeuka. Fundi huipata alama kwenye faili la asili, huilinganisha na nakala iliyofika kwenye kompyuta yake, kisha akishachoma huiamuru kompyuta isome diski yote upya. Ni kama mnunuzi wa mpunga: haridhiki na punje za juu. Huchoma gunia kwa bambo hadi chini. Kazi hii ya kuhakiki huongeza muda mrefu kwenye kila diski, mteja amesimama mlangoni akitazama saa, na hailipwi senti. Ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote.

(Sisifu wizi wa filamu, ambao nao umepita kwenye mashine hizihizi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999. Harusi, kipaimara na kwaya za parokia zinatosha kumlisha fundi mwadilifu.)

Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tena mlango wa diski, na rangi ya diski zilizochomwa hufifia kwa joto na unyevu, vitu ambavyo bonde la Kilombero halijawahi kuvikosa. Kama kabatini kwako kuna DVD ya harusi au ya msiba wa mzazi, ipeleke kwa fundi mwezi huu aihamishe. Mwombe akuandikie alama ya MD5 kwenye karatasi. Asipojua ni kitu gani, mshukuru na utafute mwingine.