Mcheza Kwao Hutuzwa

Watu wengi ambao hawawezi kuiba hata embe la jirani hunakili filamu na nyimbo katika intaneti pasipo kulipa, wala hawaoni haya. Sheria hulikataza tendo hili, na wengine huliita wizi. Jina hilo haliingii mioyoni, na yatupasa kuuliza kwa nini.

Aprili 2009 mahakama ya Stockholm, nchini Uswidi, iliwahukumu watu wanne wa The Pirate Bay, tovuti iliyowaonyesha watu njia ya kupata kazi za wengine bure. Kila mmoja alipewa kifungo cha mwaka mmoja, na wote pamoja fidia ya kronor milioni 30. Juni ya mwaka huo huo Piratpartiet, chama kilichotaka sheria za hakimiliki zilegezwe, kilipata zaidi ya kura 7 katika kila 100 za Waswidi kwa Bunge la Ulaya. Mahakama ilikwisha sema neno lake, na maelfu ya watu wakasema jingine. Hoja zinazosikika sana ni mbili: mwenye wimbo hakupungukiwa, maana wimbo wake bado anao, tena fedha huishia kwa makampuni makubwa.

Hoja ya kwanza si ngeni kwetu. Tenzi za pwani ziliishi kwa kunakiliwa kwa mkono, na mnakili alishukuriwa kwa kuzihifadhi. Lakini watunzi wengi walitia majina yao katika beti za mwisho, ili nakala isimpoteze mwenyewe. Katika taarabu nako, msikilizaji aliyeguswa huinuka akaenda mbele kumtuza mwimbaji, na watu wakiona.

Hapo ndipo ilipo kasoro. Mcheza kwao hutuzwa, na katika intaneti hakuna kwao: msikilizaji yu peke yake chumbani, mwimbaji haonekani, na haya, ambayo huamshwa na macho ya watu, hulala. Hoja ya pili nayo haisimami. Ikiwa kampuni humdhulumu msanii, kumnyima hata kile kidogo kinachomfikia si kumtetea, bali ni kumdhulumu mara ya pili.

Kwa hiyo sheria, kama ile ya hakimiliki iliyotungwa Tanzania 1999, ni ya lazima, lakini haitoshi. Hapana budi msanii arudishwe mbele ya msikilizaji wake: jina lake litajwe, na tuzo imfikie bila kumegwa sana njiani. Afurahiye asitoe ana deni, ijapokuwa mdai hayuko mlangoni.